Kidudu Nilichokimeza

Usingizi unanichukua mchana kweupe, jicho langu likiwa bado kwenye hadubini, nami najua kabisa ninakotumbukia: ni kwenye ile bahari iliyokauka kabla dunia haijamjua mtu. Nakitafuta kidudu. Kidogo kuliko punje ya chumvi, jamaa wa mbali wa uduvi, kimegeuka jiwe na mayai yake chini ya gamba, na ni hicho kimoja tu tulichokipata. Juzi nilikiokota kwa ncha ya brashi, kisha, kwa mazoea yetu mabovu ya maabara, nikailamba brashi ili ichongoke. Nikameza. Lo, nilijua palepale. Lakini zamu ilikuwa imeandikwa jina la Chausiku, Chausiku mwenye mtoto wa miezi minne, na leo anafukuzwa kazi kwa kukipoteza, nami kimya.

Natembea. Barabara ni matope laini, na kila nikifika mwisho wake naukuta mwanzo. Mji unakuja, nyumba zake magamba mawili mawili yanayong'aa, na katika kila gamba najiona nikilamba brashi, nikilamba, nikilamba. Anatokea mtu asiye na uso, ananishika kiwiko kama polisi. Namwambia nimekuja kukirudisha kidudu. Anauliza, utakirudishaje nawe ndiwe kaburi lake? Nikitoe vipi basi? Kinatoka kwa jina, anasema, jina la aliyekipoteza, litaje twende zetu. Jambo jepesi hilo, mbona? Jina langu nalijua tangu utotoni. Milango ya magamba inafunguka nusu, mji mzima unanisikiliza, na mimi, mwoga nisiye na haya, nafungua kinywa nasema: Chausiku.

Magamba yanajifunga kwa pamoja. Giza linanibana mbavu, nasikia mayai yakisagika, nalia, nashtuka.

Niko mezani. Bwana Mkangara, mkuu wa maabara, amesimama mbele yangu na karatasi. Asante, bibie, ananiambia, nilikuuliza nani aliyekipoteza, ulipolitaja jina tumemaliza, na Chausiku alishakabidhi funguo. Nauliza nimelitaja lini. Sasa hivi, anasema, umelitaja huku ukinitazama.

Dirishani namwona Chausiku uani, blauzi imelowa maziwa kifuani, anaelekea getini polepole. Bado naweza kumwita. Dirisha li wazi. Najiambia, mimi bado naota.