Jicho la Bi Mwanarusi

"Na jicho lake, je, mtalipeleka wapi?"

Bi Mwanarusi aliniuliza hivyo amekumbatia beseni lenye damu aliyoitapika, leso imemlowa kifuani. Daktari Mutiso alikuwa ameshavaa glavu. Mimi nilishika mpira mrefu wa kuangalia tumbo, wenye jicho nchani, mpya, ndio kwanza nimechana pakiti yake mbele ya macho yake aone kwamba hakuna aliyewahi kuumeza.

Nilidhani hapo nimemaliza kazi. Zamani tulikuwa na mpira mmoja tu. Kila akitoka mtu nausugua, nauloweka kwenye dawa, naukausha, na wagonjwa wako kwenye benchi asubuhi nzima wakinilaani kimoyomoyo. Ulipoharibika, kila aliyetapika damu tulimkimbiza Mombasa, na wengine hawakufika feri ya Likoni wakiwa hai. Kisha ikaja hii ya kutumia mara moja na kutupa. Tulifurahi jamani! Hakuna aliyetuambia kwamba mtu atauliza inatupwa wapi.

"Mpira unachomwa kwenye tanuri letu hapo nyuma," nilimwambia. "Jicho haliingii motoni, Bi. Ni kamera, na ina betri yake. Linawekwa kwenye sanduku, lori linalichukua."

"Linalipeleka wapi?"

"Mombasa. Huko mbele sijui."

Wallahi, uongo ulikuwa umeshanifika mdomoni, nikaumeza.

Akageukia ukuta. "Mimi nywele zangu nikichana nazizika, mwanangu. Kucha nazizika. Leo kitu kiingie tumboni mwangu, kione asichokiona hata marehemu mume wangu, kitoke na damu yangu, kikazurure Mombasa mikononi mwa watu nisiowajua? Astaghafirullahi. Niacheni nife na tumbo langu."

Akatapika tena. Safari hii beseni halikutosha.

Nilishikwa na hofu, na hasira pia, kwa sababu nilimwelewa. Mama yangu mzazi angesema vile vile.

"Bi, na nikiliosha? Kabla halijaingia sandukuni, nilioshe kwa mkono wangu mwenyewe, damu yako yote ibaki hapa kwetu. Kitakachokwenda Mombasa ni kioo na chuma tu."

"Ai, Sista," Daktari akadakia, "hii kitu tulinunua ndio tusioshe!"

Bi Mwanarusi hakumtazama. Alinitazama mimi. "Utaanza na bismillahi?"

"Nitaanza na bismillahi, Bi."

Akafungua mdomo.

Kidonda kilikuwa kinavuja, Daktari akakiziba. Nami nikasimama kwenye sinki nikiliosha jicho lenyewe, dogo kama punje ya choroko, mpaka maji yakatoka safi. Daktari alicheka hadi akashika mlango. Bi Mwanarusi alirudi kwao Gazi, na bajia anauza mpaka leo. Tangu siku hiyo naliosha kila jicho, mwenyewe aulize asiulize, na Daktari akanibandika jina: Mwosha Takataka.

Mwaka huu, katikati ya Ramadhani, Daktari mwenyewe aliletwa na wenzake amejikunja, shati lake lina damu. Tukamlaza kwenye kitanda kile kile, daktari mwenzake akavaa glavu. Nikachana pakiti mbele yake kama ninavyomfanyia kila mtu. Akautazama mpira, kisha akatazama sinki.

"Sista Hanifa," akasema, wala hacheki. "Hilo jicho langu... utaliosha, sivyo?"

Nikafungua bomba kidogo, asikie maji.

Akafungua mdomo.