Gundi na Kikohozi

Siku dada yangu alipoanza kukosekana, ni mimi niliyemwandikia "hayupo". Ndiyo iliyokuwa kazi yangu pale kiwanda cha viatu: karani wa mahudhurio, nikiandika chumba cha kila mtu na ugonjwa alioutaja. Mstari wa mia mbili na kumi na nne: chumba cha gundi, kikohozi, hayupo. Saa nne asubuhi mama akapiga simu. Nilimsikia akihema tu, nikajua dada amekufa.

Kiwandani tulikuwa na utaratibu wetu. Anayeondoka, awe ameacha, amefukuzwa au amekufa, mstari wake unafutwa kabla ya jioni. Orodha ni ya waliopo, ndivyo nilivyofundishwa. Miaka minne nilifuta watu bila kufikiri mara mbili.

Niliporudi kutoka msibani, meneja alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Pole sana, binti. Ila mstari wa dada yako naona bado upo."

"Najua ulipo."

"Basi ufute."

"Na kikohozi chake?"

"Nani hakohoi humu? Hata mimi nakohoa." Akakohoa kidogo, kama ushahidi.

Dada angecheka mpaka ashike ukuta. Alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, viatu vyetu vinaachia baada ya mwezi, lakini gundi ikikushika kifuani haiachii."

Meneja hakusema uongo. Nilipohesabu wanaokohoa, walitapakaa kiwanda kizima. Nilipohesabu watu wa chumba cha gundi, karibu wote walikuwa wazima. Wagonjwa wa chumba hicho walishaondoka, na niliyewafuta ni mimi.

Kabatini kulikuwa na nakala nilizokuwa nikichapa kila mwisho wa mwezi. Siku tatu nzima nilikuwa nikiwarudisha kwenye jedwali, mmoja mmoja: aliyekuwa akiimba akipaka soli, yule mama wa mapacha, mzee aliyeficha leso yenye damu. Kisha nikaiamuru kompyuta ihesabu mstari pale tu masharti mawili yanapotimia pamoja: chumba cha gundi, na kikohozi. Moja peke yake halitoshi.

Watu thelathini na wanane walipitia chumba kile. Waliokohoa, thelathini na mmoja. Vyumba vingine vyote, watu mia tatu, waliokohoa kumi na wawili.

Nikachapa hesabu hiyo kwenye karatasi hamsini, nikazigawa getini. Ya mwisho niliibandika kwenye mlango wa meneja, kwa gundi yao wenyewe.

Aliikwangua kwa kisu mpaka jasho likamtoka.

"Nani kakutuma?"

"Mstari wa mia mbili na kumi na nne."

"Nitakufuta na wewe!"

"Nifute. Lakini mimi nimeshahesabu."

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata mkaguzi wa afya alifika na karatasi yangu mkononi, imekunjwa mara nne.

Chumba cha gundi sasa kina madirisha mawili. Yanafunguliwa saa moja asubuhi, kabla mtu yeyote hajaingia.