Duara la Rikuto

Kozue alipoteza watoto saba kabla hajaipata ratiba iliyofaa. Walikuwa watoto wa kwenye mchezo, ule wa kompyuta ya baba yake, lakini kila mmoja alipochukuliwa alimlilia kama ndugu. Mchezo wenyewe ni wa kulea. Unapewa nyumba, unapewa mtoto, na duara la saa ishirini na nne ulijaze: saa hii ale, saa hii aoge, saa hii alale. Ukikosea, mstari wa njaa au wa usingizi unageuka mwekundu. Ukigeuka mara tatu anakuja mwanamke mwenye sketi ya kijivu, anamshika mtoto mkono na kwenda naye. Harudi tena.

Wa kwanza alikosa chakula cha mchana. Wa nne alilala bila kuoga. Wa nane alibaki, na ratiba ya huyo wa nane ndiyo Kozue aliyoinakili kwenye karatasi ya shule, ile yenye duara ambayo wanafunzi wote hupewa likizo ya kiangazi wapange siku zao. Penye jina hakuandika lake. Aliandika la mdogo wake: Rikuto, miaka minne.

Maana shangazi Fumie, aliyekuwa akija kuwaangalia, alikuwa ameacha kuja. Jumatatu alipiga simu. "Kozue, kiuno kimenikamata, hata chooni naenda kwa kutambaa. Mwambie baba yako atafute mtu, sawa mwanangu?"

"Sawa, shangazi."

Hakumwambia. Baba alikuwa dereva wa lori, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Kila alipouliza, "Shangazi hajambo?" Kozue alijibu hajambo, na kwenye karai akaacha kikombe cha tatu cha chai ya shayiri, kichafu, kionekane kuna mtu mzima aliyekitumia.

Usimwite mwongo kabla hujasikia. Mwaka uliopita, mama yao alipofariki na baba akiwa safarini na lori, shangazi aliweza kuchukua mtoto mmoja tu, akamchukua Kozue. Rikuto akapelekwa na ofisi ya ustawi kwenye makao ya watoto, miezi miwili. Aliporudi alimwita dada yake "mwalimu". Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kozue, miaka kumi tu, alikuwa akishtuka tangu Jumatatu.

Ratiba lakini ilikwenda sawasawa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mpe mtoto kazi ya mtu mzima ataifanya vizuri kuliko mtu mzima, na kila mtu atadhani mambo ni shwari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni, ndani ya nyumba, wasionekane uwanjani na watoto wenzao. Saa moja tonge la wali na yai. Saa tatu choo. Saa sita tambi za baridi. Saa saba usingizi.

"Dada, mimi sina usingizi," Rikuto alisema siku ya nne, amelala chali kwenye mkeka.

"Saa saba imefika."

"Nani kasema?"

"Duara limesema. Fumba macho, wewe kichwa cha boga!"

Kengele ya mlango ikalia.

Kozue alinyata, akachungulia kwenye tundu la mlango. Nje alisimama mwanamke mwenye kitambulisho cha ofisi ya ustawi shingoni, na sketi yake ilikuwa ya kijivu.

Hakufikiri. Alirudi mbio, akambeba mdogo wake, akamwingiza kwenye kabati la magodoro, juu ya mablanketi mazito ya majira ya baridi. "Tunacheza kujificha. Ukitoa sauti umeshindwa. Umesikia?" Rikuto akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Kozue akauvuta mlango wa kabati mpaka mwisho, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa nje, kiganja mdomoni.

"Kozue? Baba yupo?" Mwanamke akagonga. Mlango wa nyumba ya chini ukafunguka, na Mama Yoshino, jirani yao, akapanda ngazi kwa ndara zake.

"Wamo humo humo," alisema. "Mtoto namsikia kila siku. Mtu mzima simsikii."

"Basi nitasubiri kidogo."

"Kwa joto hili? Ngoja nikuletee maji."

Yule mwanamke akaketi kwenye ngazi. Kozue alisikia karatasi zikipekuliwa, akasikia maji yakinywewa. Aliogopa kupiga chafya, aliogopa tumbo lake lisingurume, aliogopa zaidi Rikuto asije akacheka. Lakini Rikuto hakucheka. Dakika kumi, ishirini, thelathini, hakutoa hata mkoromo, na Kozue akajisemea kwamba ni vizuri, ni saa ya usingizi, mstari wake uko kijani.

Kisha akakumbuka yale mablanketi mazito, na kwamba feni iko chumbani, siyo kabatini.

Alipouvuta mlango wa kabati, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Rikuto alikuwa mwekundu mpaka masikioni, midomo imekauka. "Riku, umeshinda. Toka." Akamtikisa. Kichwa kikaanguka upande. "Riku! Umeshinda, nimekwambia!"

Kwenye mchezo kuna kitufe cha kusimamisha kila kitu ukafikiri. Kozue aliduwaa sekunde moja, kama anakitafuta. Kisha akakimbia, akaufungua mlango kwa mikono miwili.

"Mchukue!" alipiga kelele. "Mchukue tu, lakini aamke!"

Mwanamke aliingia na viatu vyake, jambo ambalo hakuna mtu anayelifanya katika nyumba zetu. Alimbeba Rikuto mpaka bafuni, akamvua, akammwagia maji, huku Mama Yoshino akipiga simu ya gari la wagonjwa na kuleta barafu kwenye taulo. Kozue alisimama mlangoni akiomba radhi, hajui anamwomba nani. Ikapita dakika ndefu kuliko siku zote nne. Rikuto akatapika, akakunja uso, akaanza kulia kwa hasira.

"Amekula nini leo?" mwanamke aliuliza, bado amepiga magoti majini.

Kozue alijibu bila kukosea. Tonge, yai, tambi, maziwa nusu kikombe. Choo mara mbili. Akaenda kuleta na karatasi yenye duara. Mwanamke aliisoma yote, polepole.

"Hii ya Rikuto. Yako iko wapi? Wewe umekula saa ngapi?"

"Mimi?" Kozue hakulielewa swali. "Mimi simo. Mimi ndiye ninayecheza."

Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimpakia Rikuto, na Kozue akabaki kwenye ukingo wa barabara, mikono ubavuni, akisubiri mlango ufungwe na liondoke naye.

"Wewe nawe," mwanamke alisema, akimshika mkono. "Panda. Hapa wagonjwa ni wawili."