Udongo Mzito

"Huu mwepesi, da Aika. Mfuko mzima unaubeba kwa mkono mmoja." Aws aliutikisa mfuko wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kama anayemwonyesha mtoto pipi.

Aika alikuwa amepiga magoti kwenye roshani ya kijana huyo. Magoti hayo yalikwisha panda ngazi za nyumba hii ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos mara kumi na moja tangu alfajiri, hayakutaka kusikia habari ya kubeba. Mbele yake palikuwa na mifuko mitatu: usumba, udongo mweusi wa dukani, na mchanga wa wadi, bonde la mto mkavu. Kwenye kisahani, ndani ya karatasi laini iliyolowa, mbegu nne zilikwisha pasuka, kila moja imetoa kiuzi cheupe.

"Mbegu za nini, baba?"

"Maua. Hujichanulia yenyewe, hayangoji msimu. Ila hayataki kuhamishwa. Unapoyaanzia ndipo yanapomalizia."

Maua! Aika alikulia kwenye vitalu vya kahawa Kibosho, na mbegu za bangi, zenye madoa kama mayai ya kwale, alizijua nyuma ya nyumba ya mjomba wake kabla hajajua kusoma.

"Yatakaa wapi?"

"Chumbani kwako, juu. Jua tele, na hakuna aingiaye." Akatabasamu. "Mkono wako una baraka."

Mkono wa mtumishi una baraka mpaka siku ya polisi; siku hiyo ndipo unapopewa na jina la mwenye kosa. Filomena, mtumishi wa nyumba ya tatu, chupa za pombe zilikuwa za mtoto wa bwana wake, zikakutwa chini ya kitanda chake yeye. Alitolewa saa nne asubuhi na kandambili moja mguuni, na ndani kahawa ikaendelea kunywewa. Miaka sita sasa. Mtaa umesahau. Aika anakumbuka hata rangi ya kandambili: bluu.

Zilibaki wiki tano arudi kwao. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kabatini kwa Bi Kheiria, mama yake Aws. Aende kumwambia? Amwambie mama habari ya mwanawe, yeye, mfagizi?

Alichota usumba kiganjani, akaukamua, akaunusa.

"Peke yake haufai. Una chumvi, na haushibishi. Tuchanganye yote. Na kisichohamishwa hutaka chungu kikubwa tangu mwanzo."

"Wewe ndiye mwalimu," Aws alisema, akaenda zake kuswali Ijumaa.

Pembeni ya mlango palikuwa na chungu cha udongo kilichofiwa na mdimu wake, kirefu hadi kiunoni. Aika alikijaza taratibu, mfuko baada ya mfuko, mgongo ukimlalamikia, asibakize hata konzi. Kisha akakinywesha ndoo tatu za maji, hadi kikavuja kwa chini.

Aws aliporudi, Aika alimwachia nafasi. "Fukia mwenyewe. Kwetu mbegu hufukiwa na mwenye nazo."

Kijana akacheka, akakunja mikono ya kanzu, akafukia zote nne. "Haya, yallah. Tukipandishe kwako."

"Nyanyua, baba."

Akakikumbatia. Mshipa ukamtoka shingoni. Chungu hakikutikisika.

"Umetia mawe?"

"Udongo tu. Na maji."

"Basi nimwite Ghaith." Ghaith ndiye dereva.

"Mwite," Aika akasema. "Atauliza tunapandisha nini."

Aws akakiachia chungu. Akautazama udongo, akaitazama mifuko mitupu.

"Umenifanyia kusudi."

"Umesema hayahamishwi."

Koridoni viatu vilisikika vikiburuzwa. Kila Ijumaa baada ya chakula Bi Kheiria hupita roshani zote na birika lake, kunywesha asumini na mikilua, na huita kabla hajafika.

"Nnasikia harufu ya udongo! Aika, chungu changu kimepata mwenyewe?"

"Kimepata, bibi."

"Kapanda nani?"

Aika aliinama kukusanya mifuko. "Aws, bibi. Kwa mkono wake."

"Mwanangu huyu? Asiyejua hata kuchemsha yai?" Bi Kheiria aliinua birika, akainama kutazama. "Umenipandia nini, baba?"

Aws alificha mikono nyuma, akaibana kwenye kanzu. Kutoka pale alipokuwa, chini, nyuma ya kijana, Aika aliziona alama za vidole zikitokeza moja moja, nyeusi, juu ya nguo nyeupe aliyoipiga pasi asubuhi.