Bhateri Maana Yake Inatosha

Kila Jumanne Guruji Ombir huulisha udongo wa ulingo wake. Humwaga samli, mtindi na manjano, na watoto anaowafundisha mieleka hukanda mpaka pananukia kama jiko la harusi. Hawalambi vidole. Karibu wote wanapunguza uzito.

Mmoja wao ni Bhateri, binti wa tatu wa Risal na Murti. Jina lake maana yake "inatosha". Huku kwetu Haryana, familia iliyochoka kuzaa mabinti humpa mtoto jina hilo ili Mungu asikie. Mungu hakusikia, akawaletea na Sunehri.

Bhateri alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa bingwa wa kilo thelathini na tatu. Guruji akaamua abaki humo humo.

"Watoto wakikua wanatukimbia," alimwambia Risal. "Dawa yake ni wasikue tu, ndugu yangu."

Bhateri akarefuka, lakini mizani haikupanda, maana ni mtoto mtiifu mno. Aliponyimwa roti, alitoa mashavu. Aliponyimwa maziwa, alitoa kivuli. Alipokatazwa maji, nyayo zake ziliacha kuonekana kwenye udongo. Kufikia Diwali alikuwa anaelea, na baba yake akawa anamfunga kwa kamba ya nyati wao wa maziwa upepo usije ukamchukua. Nyati mwenyewe alikula asubuhi na jioni.

"Baba Bhateri, mtoto yuko hewani," Murti alisema.

"Namwona. Kaza fundo."

"Mpe hata roti moja!"

"Jumapili anapimwa. Unataka kijiji kitucheke?"

Jumapili mizani haikutikisika. Msimamizi alisema sheria inakataza kuzidi, kupungua haikukutaja, akampitisha.

Kwenye fainali alipewa binti mnene mwenye nguvu, aliyemwinua na kumbwaga kila alivyotaka. Lakini anayeshindwa ni yule ambaye mabega yake yote mawili yamegusa mkeka, na mabega ya Bhateri hayakugusa chochote. Alikandamizwa, akapanda tena, midomo imepasuka kwa kiu.

Murti akasimama. "Bhateri!" alipiga kelele. "Bhateri! Bhateri!"

Watu wakadhani anamshangilia mwanawe, wakampokea. Ukumbi mzima ukapaza sauti: inatosha, inatosha, inatosha! Walimu, wazazi, mgeni rasmi na shada lake la maua, wote wakapiga kelele inatosha, na hakuna mshenzi hata mmoja aliyeinuka kumpa yule mtoto maji. Mwisho yule binti mnene alichoka, akajilaza chali mwenyewe.

Bhateri alivishwa nishani. Uzito wake ukamshusha mpaka vidole vya miguu vikagusa sakafu.

"Si unaona?" Risal alimwambia mkewe. "Ameshuka."

Jumanne Guruji alifika nyumbani kwao kutoa pongezi. Bhateri alikuwa juu ya paa, kamba imefungwa kwenye nguzo ya zizi, nishani ikiwa imefungiwa kabatini. Sunehri, mwenye miaka mitano, alikuwa mlangoni anakula roti. Guruji alimpapasa mabega, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu tumuwahi mapema," alisema, akamtoa ile roti mkononi taratibu. Samli ilikuwa bado inachuruzika. Akaikunja, akaitia mfukoni kwa ajili ya udongo.

"Bhateri," Murti alisema, na hakuwa anamwita mtu.

Kutoka juu, kwenye ncha ya kamba, binti yake akaitika, "Abee, mama."