Magoti ya Bi Mwanasiti

Mtaa mzima wa Huruma hakukuwa na mwanamke jasiri kama Bi Mwanasiti. Aliwahi kumkimbiza mwizi wa nguo kutoka uani mpaka barabarani, mkononi ana mwiko tu, na mwizi akazitupa leso zote akaokoa roho yake. Hivyo ndivyo alivyopenda kusimulia. Asilosimulia ni kwamba mwizi alikuwa mbuzi wa jirani, na leso ilikuwa moja, tena ilikwisha kutafunwa pindo.

Na jasiri huyo alikuwa na kitu kinachomtisha: watu. Si mtu mmoja. Mmoja mmoja aliwamaliza kwa maneno. Ni watu wakiwa wengi, wamekaa kwenye mkeka, halafu wote wakageuza macho kumtazama yeye. Hapo moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, hewa ya chumba ikaisha, na yeye akawa na hakika kwamba anakufa, tena anakufa mbele ya wageni na buibui limekaa upande.

Mara ya mwisho yalimkuta kwenye harusi moja mtaani Kayole. Jirani yake wa mlango wa pili, Perez, mjane wa karani wa reli, alimkokota mpaka hospitali wakidhani ni moyo. Moyo ukapimwa, ukaonekana mzima. Daktari Koki, binti mwenye sauti ya chini, akamweleza kwamba huo ni ugonjwa wa hofu, wanaougua ni wengi, na dawa zake zipo. Akamwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi.

Bi Mwanasiti alivipokea kwa adabu, akavifukia ndani ya mkebe wa udi, akawaambia watu wa nyumbani kwamba ni magoti. Magoti hayana aibu. Mwanawe Abdurahim, aliyekaa ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, akamnunulia mkongojo. Tangu hapo akatulia juu ghorofa ya tatu, na kila mwaliko uliopanda ngazi ulirudishwa na magoti.

Mpaka Khawla, binti wa Abdurahim, alipoposwa. Katika ukoo wao bibi harusi hapakwi hina kabla nyanya yake hajamwekea nukta ya kwanza katikati ya kiganja, wanawake wote wamezunguka, kimya, wanangoja kupiga vigelegele.

"Nyanya, utashuka?" Khawla aliuliza.

"Mke mwenzangu, nikishuka bwana akiniona si utaachwa kabla ya kuolewa?"

"Sitaki mzaha leo. Usiposhuka, hina sipakwi. Nitaolewa na mikono mitupu, wakuseme wewe."

Akateremka zake, macho yamemjaa maji. Harusi ilikuwa bado miezi miwili.

Perez alipokuja kurudisha sukari aliyoazima, hakukaa hata chini. "Mama Abdu, vile vidonge umeanza?"

"Naviangalia. Navyo vinaniangalia."

"Vitakuangalia mpaka lini?"

"Ni dawa za kichwa hizo, Perez. Wakijua wataniita mwehu."

"Si wanakuita tayari?"

Bi Mwanasiti alicheka, kisha hakucheka. "Na vikininyang'anya maneno? Nikabaki nimekaa kama picha ya kitambulisho? Mimi nina nini kingine, shoga yangu? Uzuri nilikuwa nao, sasa umeniaga. Nimebakiwa na mdomo."

"Muulize aliyekupa. Mimi najua kuuza dagaa wangu wa omena tu."

Wakampigia Daktari Koki. Daktari hakupamba maneno. Alisema siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na hofu yenyewe ikazidi kidogo. Kwamba dawa hizi hazimezwi leo zikafanya kazi leo, ni majuma. Kwamba asiziache ghafla, na asimgawie mtu hata kimoja. Maneno yake hayatakwenda popote, na akijiona amekuwa mzito au mwingine, arudi waangalie upya. "Na si lazima, mama. Kuna matibabu ya kuzungumza, tunaweza kuanza na hayo, au vyote viwili. Uamuzi ni wako."

Hilo la mwisho ndilo lililomuudhi. Alitaka aamriwe, ili mambo yakiharibika apate wa kumlaumu.

Akakaa na jambo hilo siku kadhaa. Asubuhi anatoa vidonge, jioni anavirudisha, mpaka vikanukia udi. Akijiambia avimeze, anajiona amelala na mate yanamtoka. Akijiambia asivimeze, anamwona Khawla na viganja vyeupe.

Kilichomwamulia ni maziwa. Alikuwa peke yake, mlango umefungwa, akasikia yanafurika jikoni. Akainuka upesi. Alipofika kwenye jiko akagundua kwamba amekwenda anachechemea, mkongojo mkononi. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Maziwa ndiyo aliyokuwa akiyadanganya.

Akasimama pale maziwa yanamwagika, akafikiri: huu uongo niliutuma mlangoni uwazuie watu, sasa umeingia ndani unakaa na mimi. Akauegemeza mkongojo ukutani. Akatoa kidonge kimoja, akakiambia, "Haya, mgeni, usinivunjie vyombo," akakimeza na chai ya tangawizi.

Tumbo lilichafuka kweli, na mdomo ukamkauka. Juma la kwanza alitaka kuacha kila siku, na kila siku Perez aligonga ukuta kumuuliza. Kisha, bila tarumbeta, akaanza kulala vizuri. Siku moja aliteremka mpaka dukani, akakuta watu, akamtania mwenye duka, akarudi, na ni kwenye ngazi ndipo alipokumbuka kwamba hakuogopa. Vidonge havikumnyang'anya mzaha wake. Perez alisema kama dawa ingeweza hilo, angekuwa amemnunulia zamani.

Siku ya hina, Bi Mwanasiti alishuka na mkongojo wake, maana watu walishauzoea. Wakampa kiti chenye mto. Wanawake wakazunguka, wakanyamaza, macho yote yakamgeukia. Moyo ukaanza mbio. Alijua njia yake sasa: utapanda, utafika mahali, utachoka. Akaungoja. Akachovya kidole kwenye hina, akaushika mkono wa Khawla, na nukta ikakaa katikati. Vigelegele vikapasua dari.

"Udi uko wapi?" akauliza shangazi mmoja. "Harusi bila udi?"

"Ninao wangu, msiniharibie bibi harusi kwa huo wa dukani!" Bi Mwanasiti akasema, akaruka kitini, akapanda ngazi mbilimbili, akashuka na mkebe kwapani kabla kahawa haijamiminwa.

Wanawake walikuwa wakitazama kiti chake. Mkongojo ulikuwa bado umeegemea kiti.

"Nyanya," Khawla alisema polepole. "Magoti?"

"Dawa, mwanangu. Daktari amenipa dawa."

Akaufungua mkebe kwa haraka ili wageukie udi, na vidonge ndivyo vilivyokaa juu. Bi Nasima, mama wa bwana harusi, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu kweli na alikuwa ameinuliwa na watu wawili kuja pale, akanyoosha kiganja.

"Ndivyo hivyo? Nigawie viwili, dada. Nateseka."

Bi Mwanasiti alimtazama Perez. Perez alitazama sinia la mahamri. "Mimi sisemi kitu. Mimi nilialikwa kula."

Kiganja cha Bi Nasima kilikuwa bado kimenyooka.

"Hivi havigawiwi, bibi," Bi Mwanasiti akasema. "Na si vya magoti. Magoti yangu mazima kama ya mbuzi."

"Vya nini basi?"

"Nipisheni nafasi kwanza, niwaeleze," akajibu, akakunja magoti yote mawili, akakaa nao chini mkekani.