Mke wa Zaragoza

Mwalimu Déogratias alifundisha Kifaransa mjini Baraka mpaka akastaafu, kwa hiyo vitenzi vya Kihispania havikumtisha. *Hablo, hablas, habla*: alivitamka barazani kila asubuhi akisahihishwa na simu, maana mji mzima hakupata mtu wa kumjibu.

"Mwalimu, na hizo mvi zote uko unasomea mutihani gani?" aliuliza Clarisse, jirani yake, akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Niko nasomea muke wangu."

"Mama Anastasie si tulimuzika Lubondja?"

"Ule mwingine. Wa Zaragoza."

Clarisse akaangua kicheko, kwa kuwa alielewa. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake: babu humchokoza, naye humrudishia maneno makali zaidi, na hapo ndipo wanapojuana. Merveille alikuwa na miaka sita. Alizaliwa Hispania, kwa Élie, mtoto wa kiume na wa pekee wa mwalimu, na hakujua lugha nyingine ila Kihispania. Kwenye simu alikuwa akipunga mkono tu na kuondoka. Mwalimu alitaka abaki, ajibu walau mara moja. Aliona vitenzi vya wakati uliopo vinatosha. Uchokozi hauhitaji wakati mwingine.

Jumapili, uso wa mtoto ulipotokea kwenye kioo cha simu, alisema taratibu, bila kosa:

"*Comes mucho. No trabajas. Busco otra mujer.*" Unakula sana, hufanyi kazi, natafuta mke mwingine.

Mtoto akaacha kupunga mkono. "*Perdón, señor*," akasema. Samahani, bwana. Kisha akakimbia.

Élie akashika simu. "Papa, mutoto anazani umemukasirikia."

"Muambie anitukane. Njo vile tunafanyaka."

"Huku batoto habatukanake bazee. Tunamufundisha heshima."

"Mama yangu mwenyewe ulikuwa unamuita muke bila meno, na alikuwa anacheka!"

Élie alitazama kule mtoto alikokimbilia. "Ilikuwa Baraka, Papa." Akaaga kwa adabu.

Mwalimu alibaki na kioo cheusi mkononi. Alikuwa amejiandalia pia majibu ya matusi ambayo mtoto angemrushia: ya uzee, ya upara, ya kukoroma. Akatamka la kwanza peke yake, kitenzi kikiwa sahihi: "*No soy viejo.*" Mimi si mzee.

Akatulia kiasi cha mtu mwingine kujibu, kisha akatamka la pili.